Ukanda wa Tyubu kwenye Paja la Hamisi

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Asubuhi nilikuona ukifunga sanduku mara tatu na kulifungua mara tatu. Sasa hivi ni Ijumaa alasiri, umekwenda Kiwalani kuagana na shangazi zako, na mama yako yuko uani anapiga pasi magauni yako. Kesho alfajiri basi la kusini litakuchukua hapa Barabara ya Kilwa, litakuvusha Rufiji kwa pantoni, na likikufikisha Lindi utaanza kazi ya ualimu katika kijiji ambacho mimi sijawahi hata kukisikia. Ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutolala nyumba usiyoijua, mama yako ameshakuambia. Mimi nina mambo mawili tu, na yote mawili nilikuwa nimepanga usiyajue.

La kwanza ni kwamba Jumatatu nitakatwa mguu wa kulia, juu ya goti.

Niliomba Jumatatu kwa makusudi. Daktari alitaka wiki iliyopita, nikamwambia nina msiba, akanipa siku. Sikuwa na msiba. Nilitaka wewe uwe umekwisha vuka mto, maana nakufahamu, ungeshusha sanduku, ungevua viatu na kukaa. Mama yako anajua habari ya mguu, na tangu juzi ananigombeza. "Mwambie," anasema. "Usipomwambia wewe, mie nitamwambia pale pale kituoni, basi likiwa linaunguruma." Kwa hiyo naandika.

La pili mama yako hajui. Linamhusu kaka yake, mjomba wako Hamisi, na itabidi nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba mimi nilikuja mji huu nina mikono yangu tu, na darasa la tatu nililoliacha katikati. Kutoka Unyamwezini nilishuka na treni, nikalala kwa mtu wa kwetu wiki mbili, wiki ya tatu nikapata kibarua cha kuchimba mitaro ya mabomba ya maji. Nilichimba sana. Kuanzia Magomeni mpaka huku Temeke, kuna njia nyingi ambazo ukikanyaga, chini ya mguu wako kuna bomba nililolifukia mimi. Wakati wa Uhuru nilikuwa bado na sululu. Baadaye mnyapara Mzungu akaondoka, akaja msimamizi tuliyemwita ndugu, naye akanipa spana. Tangu siku ile watu wakaanza kuniita fundi. Mwanangu, usidharau jina kama hilo. Mtu akiitwa fundi mara nyingi, siku moja ataulizwa jambo asilolijua, na ataona haya kusema hajui.

Katika kazi yetu kuna jambo moja kila kibarua hulijua. Ukikata bomba la zamani lililokuwa na kona, utakuta upande wa nje wa ile kona umeliwa na maji na mchanga mpaka umekuwa mwembamba kama bati la mkebe. Maji yanayokimbia hula chuma. Ndiyo maana tulifundishwa kutofungua koki kubwa kwa pupa, na mahali penye bomba chakavu tuliiacha koki nusu, maji yapite polepole, bomba lidumu. Tumeokoa mitaa mizima kwa njia hiyo. Bomba ambalo lingepasuka mwaka ule ule, ukilifungia koki nusu linakaa miaka mitatu.

Ulipokuwa kidato cha pili mguu wangu ulianza. Nikitembea kutoka hapa mpaka darajani, mguu unabana kwenye kigimbi kama umeshikwa na koleo. Nikisimama kidogo, unaachia. Nikitembea tena, unabana tena, na kila mara mahali pale pale. Nilikwenda hospitali, nikamkuta daktari mmoja kijana, Mtanzania mwenzetu, mikono yake laini. Akanishika nyayo, akanishika nyuma ya goti, akatafuta mapigo kwa muda mrefu.

"Mzee, damu haishuki vizuri," akasema. "Acha sigara. Na utembee. Utembee mpaka paume, usimame, ukipata nafuu utembee tena. Kila siku."

Nilitoka pale nimekasirika. Mguu unauma kwa kutembea, halafu mtu ananiambia nitembee! Nikajisemea kwamba huyu hajawahi kushika bomba. Damu si maji? Mshipa si bomba? Kama mshipa wangu umeanza kuharibika, basi nikitembea damu inakimbia, na ikikimbia inazidi kuula. Dawa yake ni kufunga koki nusu. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikatoa ukanda wa upana wa vidole viwili, nikaufunga pajani ndani ya suruali. Si wa kukaza sana. Nusu tu. Na kutembea nikaacha. Wewe ulikuja likizo ukanishika mkono, "Baba twende, daktari amesema," nami nikakuambia nimeshatembea asubuhi wakati umelala. Nilikudanganya likizo nzima. Uliponiona nimekaa kwenye ngazi ya duka la ushirika, ulidhani napumzika.

Unajua ajabu ni nini? Nilipata nafuu. Asiyetembea haumwi. Nikasema, mnaona?

Sasa mjomba wako. Hamisi alikuwa Mzaramo wa hapa hapa Mtoni, mtu wa maneno, na tangu siku ya kwanza niliyoingia kwenye genge lao la vibarua alinifanya mtani wake, kama ilivyo kati ya Wazaramo na sisi. Nilipomposa dada yake ndiyo ikawa balaa. Hapakupita siku hajanitukana, na siku asiponitukana nilijua anaumwa.

Siku moja tuko mtaroni, akakaa ghafla juu ya udongo, ameshika mguu.

"We Mnyamwezi," akasema, "mguu wako ule wa kuibia umeniambukiza."

"Mtumwa wangu, mguu wa nani unaweza kuingia kwa Mzaramo? Nyie miguu yenu ni ya kukalia jamvi."

"Sitanii. Unabana hapa. Nikisimama unaachia."

Nikamuuliza kama unabana mahali pale pale kila mara, akasema ndiyo. Na hapo ndipo ningeweza kumwambia: nenda hospitali, kuna daktari kijana pale, alinipa shauri ambalo mimi sikulifuata. Maneno kumi tu. Badala yake nilimwambia kwamba mimi ninao huo huo na nimeshaujulia. Nikamwelezea habari ya koki. Vijana wa genge wakaacha machepe wakasikiliza, na Hamisi mwenyewe akanisikiliza kama mtoto wa darasani, mtu ambaye hakuwahi kunisikiliza katika jambo lolote. Akasema, "Kumbe ndani ya Mnyamwezi mna akili, imekosa mlango wa kutokea tu." Wakacheka. Nikakata ukanda wa pili kutoka kwenye tyubu ile ile, nikamfunga mwenyewe, kwa mikono yangu.

Yeye hakuwa mtu wa nusu. Ukimwambia jambo linafaa, analifanya mara mbili. Maumivu yalipozidi, akakaza. Hakuniambia. Baada ya miezi kadhaa kidole gumba kikawa cheusi, akasema amejigonga na bomba. Halafu vidole vitatu. Nilipoitwa nyumbani kwake nilimkuta amelala, chumba kinanuka, na mguu umebadilika mpaka kwenye kifundo. Nikafunua shuka. Ukanda ulikuwa umezama katika nyama, nikautafuta kwa ncha ya kidole kama unavyotafuta uzi katika mshono. Nikaufungua. Chini yake palikuwa na mfereji mzima kuzunguka paja. Hamisi akanitazama, akasema, "Koki umeifungua yote, fundi?" Nikasema yote. Siku ya nne akafa. Hospitali alikataa, na mimi sikumlazimisha, kwa sababu niliogopa kile ambacho daktari angeuliza.

Wewe ulikuwa bwenini, ukapata habari kwa barua. Hukuona mazishi. Sasa nitakuambia nilichofanya mazishini, na ningependa uvumilie usome mpaka mwisho.

Unajua kazi ya mtani penye msiba. Watu wanalia, yeye anachekesha. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake, na hakuna anayemkasirikia. Watu waliningoja mimi. Kila mtu Mtoni alijua kwamba Hamisi na Maganga ni watani wasiokoma. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, wakaja wazee wakanivuta: "Mnyamwezi, vipi, mtumwa wako anaondoka bure bure?"

Nikasimama. Nikatoa ukanda mfukoni, ule ule wa Hamisi, nikaufunga juu ya suruali yangu mbele ya watu wote. Nikaanza kuchechemea kama alivyochechemea yeye, nikaigiza sauti yake: "We Mnyamwezi, mguu wako wa kuibia umeniambukiza!" Uani kukalipuka. Nikajitupa chini mbele ya jeneza, nikasema kwa sauti ya juu kabisa:

"Hamziki mtu hapa! Mimi ndiye niliyemuua! Nimemfunga kamba kwa mkono wangu huu, nimemuua!"

Mwanangu, nilikuwa nasema kweli. Sikupanga, ilitoka. Nilidhani watanyamaza. Nilidhani mtu mmoja tu atanitazama machoni na kuuliza, "Unasema nini, Maganga?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja akasema, "Basi ulipe mbuzi!" Bibi yake Hamisi, kikongwe, akafuta machozi akasema, "Na mie utaniua lini, baba? Nimechoka kuchota maji." Na mama yako, ambaye siku mbili hakuwa amekula wala kusema, alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Baadaye alinishika mkono akaniambia, "Ahsante. Umemzika kaka yangu vizuri."

Nimeishi na ahsante hiyo tangu siku ile.

Utashangaa nikikuambia kwamba baada ya mazishi sikuufungua ukanda wangu mimi. Nilikuwa nimeuona mguu wa Hamisi kwa macho, na bado kila asubuhi nilivaa wangu. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nililolipata ni kwamba kama ningeufungua, ningekuwa nimekubali kwamba ulikuwa na kosa, na kama wangu ulikuwa na kosa, basi na wa Hamisi pia. Niliona afadhali mguu. Sikusema kwa maneno, lakini ndivyo nilivyochagua kila asubuhi nilipovaa suruali.

Mwezi uliopita unyayo ulipopoa kama wa maiti na kidonda kikatoka kisigino, ndipo nikarudi hospitali. Nikamkuta daktari yule yule, sasa ana mvi mbili tatu. Akaona alama pajani.

"Hii nini, mzee?"

Nikamwambia. Nikamwelezea kona za mabomba, mchanga, koki nusu, yote. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Alivuta karatasi akachora mshipa mkubwa unaoshuka tumboni, ukifika usawa wa kitovu unagawanyika, mmoja kila mguu.

"Katika bomba la chuma umesema kweli," akasema. "Lakini chuma hakina uhai. Mshipa ndani una ngozi, nyembamba kuliko utando wa kitunguu, na iko hai. Damu ikipita inaisugua, na ngozi ile inausikia msuguo. Mahali ambapo mshipa umenyooka na damu inapita kwa nguvu, vile vipande vidogo vya ngozi vinajilaza kufuata mkondo, kama majani ya mtoni, vinashikana, vinakaa salama. Ugonjwa hauanzi pale."

"Unaanza wapi?"

Akaweka kalamu pale mshipa unapogawanyika, upande wa pembeni. "Hapa. Hapa damu inasita. Inazunguka, inarudi nyuma, inakwenda mbele. Ngozi haijui ielekee wapi. Vipande vinakaa ovyo, mafuta yanapenya katikati yake, panavimba, njia inaziba polepole."

"Kwa hiyo kasi haikuwa adui?"

"Kwa tunavyoelewa sasa, mzee, mahali pa kuogopa zaidi ni pale damu inaposita. Lakini usidhani ni wewe peke yako uliyefikiri hivyo. Walimu wangu wenyewe walibishana. Wako waliosema kama wewe, kwamba kasi ndiyo inayochubua."

"Na wao walijifunga kamba?"

"Hapana," akasema. "Wao walibishana tu."

Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, je, mwingine mwenye ugonjwa kama wangu akijifunga kwa kukaza kuliko mimi? Akaweka kalamu chini. Akasema mshipa mkubwa ukianza kuziba, mwili hutafuta vijia vidogo vya pembeni, na kutembea ndiko kunakovipanua. Mtu akifunga paja, anavifunga na hivyo. "Ni nani huyo?" akauliza. Nikasema hayupo tena. Hakuuliza zaidi, akaandika siku ya kunikata.

Sijui kama Hamisi angepona bila mimi. Daktari naye hajui. Labda angekufa vile vile, sigara alivuta kuliko mimi. Wakati mwingine naishika hiyo labda, najifariji nayo, halafu nakumbuka alivyoacha utani akanisikiliza, na inaniponyoka.

Kabula, Jumatatu utakuwa umesimama mbele ya watoto. Wataamini unachosema kwa sababu umeshika chaki, kama vile wale wa mtaroni walivyoniamini kwa sababu nilishika spana. Na hawatakuwa watoto tu. Hawa wakubwa wa kisomo watakuja jioni, watakuuliza habari ya mbolea, ya homa, ya mimba, ya kila kitu, kwa kuwa wewe ndiye mtu wa vitabu kijijini. Mimi sina shauri la kukupa hapo zaidi ya hili lililonipata. Neno "sijui" lilikuwa mdomoni mwangu siku ile mtaroni, nililihisi kabisa, nikalimeza kwa sababu watu kumi walikuwa wananitazama.

Na usije ukajilaumu kwa ajili ya mguu wangu. Shangazi zako wana midomo, watakuandikia kwamba laiti ungenisimamia. Wewe ulinishika mkono. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Hapa niliacha kalamu, maana mama yako aliingia na pasi mkononi akiuliza mkaa. Akaona karatasi.

"Unaandika nini kirefu hivyo? Umemwambia?"

Nikasema nimemwambia.

"Nisomee."

Unajua kusoma kwake bado ni kwa kuvuta herufi, jioni za kisomo hazijamfikisha mbali. Ningeweza kuruka. Ningesoma habari ya mguu, nikafika kwa watoto na chaki, asingejua kitu. Karatasi ya pili nilikuwa nimeishika kidoleni tayari kuigeuza pamoja na ya tatu. Sikuigeuza. Nimemsomea yote, neno kwa neno, pamoja na mguu wa kuibia, pamoja na mfereji pajani, pamoja na ahsante yake.

Nilipofika mazishini aliweka pasi chini sakafuni. Nilipomaliza alikuwa amekaa chini, kando ya pasi. Kisha akasema, "Ulisema. Pale msibani, ulisema."

"Ndiyo."

"Na mie nikacheka."

Akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akasema bila kugeuka: "Barua umpe leo leo, na basi apande. Jumatatu nitakusindikiza hospitali, maana wewe ni baba wa mwanangu. Ya Hamisi tutasema ukirudi." Tangu hapo hajaingia ndani. Magauni yako mawili yamebaki hayajapigwa pasi.

Sijui nitarudi kwenye nyumba ya namna gani, wala kama patakuwa na mtu wa kunisogezea kiti. Hilo si lako. Hata ukibaki huwezi kunifanyia lolote katika hilo, na ndiyo maana nakuomba uende. Lakini sikuagizi. Umeyajua yote sasa, uamue wewe.

Barua hii nitakupa mara utakapoingia. Isome peke yako. Asubuhi ukiamka, kabla ya mengine yote, nenda ukamsalimie mama yako. Mkae naye hata kama hasemi. Mimi nitakuwa hapa hapa kitandani nimevaa, na shikamoo yangu nitaipokea kama itakuja.

Ni mimi baba yako,
Maganga